Kamba Niliyofunga Salamabila

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza na chumvi ya kupima kwa kopo sokoni Kasongo. Leo niko na butiki mbili, na wenye diplome ndio wanaanza kunisalimia. Kwa hiyo timu ya soko letu ilipoalikwa kucheza na wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila, wote walisema Patron Saidi ndiye aongoze ulinzi. Nani mwingine? Kasongo nzima inajua: nikifunga kamba kando ya kiwanja, hata kuku haivuki.

Tuliondoka alfajiri kwa moto, zile pikipiki za kukodi. Mke wangu, Mama Zawadi, akapanda ya pili bila kuniuliza.

“Wewe uende kushangilia, mimi nibaki nalinda chumvi?”

Baada ya mto, pori lilitufunga pande zote. Ramazani, dereva wangu, mtu wa kuimba tangu nyumbani, akanyamaza ghafla.

“Mbona kimya?”

“Patron, hapa hatuimbe, wenye bunduki wanasikia. Hapa tunapita.”

Nilicheka, lakini nilijikuta nimeshika shati lake kwa mikono miwili.

Salamabila tuliingia mchana. Watu walikuwa wamejaa kando ya kiwanja, wachimbaji wenye udongo mpaka magotini, na nyuma yao mama wengi juu ya kimwinuko chenye nyasi. Mama Zawadi nilimpeleka huko mwenyewe, mbali na wanaume. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Kashindi, muuza bugali, mkubwa wa ulinzi wa pale. Yeye na wenzake walivaa kitenge kimoja, hawana hata kijiti. Akatazama vijana wangu kumi wa ulinzi, fimbo mkononi.

“Hizo fimbo ni za nini, baba?”

“Za kazi.”

“Hapa watu tunawaomba. Hatuwasukume.”

Nikasema moyoni, haya ni mambo ya mama. Nikafunga kamba yangu.

Kipindi cha pili tukafunga goli. Watu wakafurika mbele, kamba ikalegea, mwamuzi akapiga filimbi akinionyesha mstari. Nikaita vijana, tukashika fimbo kwa kukingamisha, tukasukuma. “Nyuma! Nyuma!” Watu wakarudi vizuri kabisa, na mimi nikajisikia mkubwa. Halafu nikasikia sauti isiyo ya mpira. Nyembamba, ya wanawake, kutoka mbali.

Mama Kashindi alikuja mbio, akanikamata kola.

“Acha! Nyuma yao iko shimo!”

Nyuma ya kimwinuko kile udongo ulikuwa umekatika. Shimo la zamani la dhahabu, refu, lenye maji ya manjano. Kila hatua niliyopata huku mbele, mtu wa mwisho aliilipa kule nyuma.

Nikaanza kulia, “Njooni mbele! Njooni!” Hakuna aliyesogea. Walitazama fimbo, hawakutazama mdomo wangu.

“Weka fimbo chini,” Mama Kashindi akasema. “Kata kamba. Na mukae chini wote.”

“Mimi? Kwenye matope, na suruali hii?”

“Unataka suruali ao unataka bibi yako?”

Nilikaa. Vijana wakakaa. Yeye na wenzake wakapita mstari wa mbele, wakigusa watu mikono: “Njoo, mwanangu. Pole pole. Ingia ndani ya kiwanja.” Watu wakaingia, wakatupita kushoto na kulia, wakajaza kati, mpira ukapotea chini ya miguu. Mimi nilikuwa nahesabu vitenge tu, na cha mke wangu sikukiona. Nimeshawahi kuibiwa, nimeshawahi kufungwa. Hofu kama ile sikuwahi.

Mama Zawadi akaja mwisho kabisa, ubavu mzima tope, kitenge cha juu hakuna. Mchimbaji mmoja alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa shimo na kumshika kiwiko asianguke.

“Saidi,” akasema, “ni wewe ulikuwa unanisukuma?”

Hakuna aliyekufa.

Jioni wenyeji walituketisha. Sheria yao: anayeharibu mchezo analisha wachezaji wote na kununua mpira. Kapiteni wetu akanung'unika kwamba tulikuwa tunashinda. Mama Kashindi akamwambia, “Basi rudi ukashindie kule shimoni.” Watu wakacheka, mimi sikucheka.

Asubuhi ya kurudi, Mama Zawadi akapanda moto ya mbele, hakungoja yangu. Porini Ramazani aliacha kuimba tena, lakini mimi sikuogopa miti. Niliona ule ukingo.

Sasa, kabla ya mchezo, nazunguka kwanza nyuma ya watu nione wamesimama juu ya nini. Ndipo natazama mbele, na fimbo tumeziacha. Kamba naifunga bado, na naifunga vizuri kuliko yeyote. Na Salamabila nililipa: mbuzi wawili, mpira, kitenge kipya, na kitu kidogo kwa yule mchimbaji, jumla faranga laki nne na elfu thelathini na tano, nikazitoa bila kubishana bei.