Kiyoyozi Kisicho na Kasoro

Mimi ni mtu wa Tukuyu. Baridi nimezaliwa nayo, nimeamshwa nayo alfajiri kwenda kuchuma chai, na nilipoolewa Dodoma kitu cha kwanza nilichomshukuru Mungu ni jua. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia kwamba siku hizi baridi inauzwa dukani, na kwamba ameshainunua, nilicheka mpaka akanuna.

Ilikuwa ile miaka ambayo ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ilikuwa imeshatuzoea. Sisi tuliokuwa tukipanga foleni kwa ajili ya mche wa sabuni, ghafla tukawa tunachagua friji za mtumba, redio za mtumba, hata magodoro ya mtumba ambayo yalikuwa yamelaliwa Ulaya na watu tusiowajua. Kiyoyozi kilikuja kwa njia hiyo hiyo. Kilikuwa na mkwaruzo ubavuni na maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma, jambo lililochukuliwa kuwa dalili ya ubora.

Hakikununuliwa kwa ajili yangu wala yake. Mama mkwe wangu, mjane, aliishi Bahi na majaruba yake ya mpunga. Msimu uliotangulia alianguka shambani. Daktari akasema ni presha, akataka akae karibu na hospitali. Mume wangu, ambaye ni mtoto wake wa pekee wa kiume, akaapa kwamba mama hatalala tena peke yake kule. Lakini mama alikuwa ameshakuja kwetu zaidi ya mara moja na kila mara akaondoka, akitoa sababu ile ile: "Hapa kwenu joto, mwanangu." Nilimkumbusha mume wangu kwamba Bahi iko bondeni na kuna joto kuliko mjini, na kwamba mtu wa Bahi akilalamikia joto la Dodoma ana lake jambo. Akanijibu kwamba mtu wa Tukuyu hawezi kumfundisha mtu habari za joto.

Fundi alitoka Kizota. Alikuwa fundi wa friji, lakini alituhakikishia kwamba kiyoyozi ni friji iliyofunguliwa mlango tu, kauli iliyompendeza sana mume wangu. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku moja la kuingiza dirishani, uso ukae ndani na mgongo utokeze nje. Hapo ndipo tulipokwama, maana dirisha letu, kama yote ya mtaa ule, lilikuwa na nondo, na mgongo usingetokeza bila nondo kukatwa. Mume wangu akasema mwizi ataisukuma mashine kama droo na kuingia. Fundi akasema mwizi ana haja gani ya kuingia, si ataichukua mashine yenyewe aende zake. Wakatazamana kama watu walioponea chupuchupu, wakaamua kuiweka yote ndani, juu ya meza imara, na dirisha wakalifunga nyuma yake ili baridi isitoroke.

Ikawashwa. Mbele ilipuliza baridi, nyuma ikapuliza joto, vyote sebuleni mwangu, na joto likashinda.

Hakuna aliyejali. Mlango ulikuwa wazi na pazia likipepea kama kawaida yetu, na ngurumo ya ile mashine ilisikika mpaka barabarani. Majirani wakaanza kuja. "Mbukwenyi," wanasalimu kwa Kigogo mlangoni, na mama mkwe anaitikia kutoka kwenye kochi lake mbele ya mashine, khanga mbili mabegani, akiwaonyesha mahali pa kusimama ili wapulizwe. Anayepulizwa anafumba macho. Kisha anakaa, kisha inakuja chai, kisha wanaulizana wewe ni wa ukoo gani na mama yako aliolewa wapi, na jioni inawakuta hapo. Wengine walikuwa watu wa Bahi waliohamia mjini. Mama alikuwa akicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, na hakuna siku aliyotaja joto, ingawa sote tulikuwa tunatiririka jasho.

Mume wangu ndiye hakuwa na raha. Mwenzake mmoja ofisini alikuwa amewahi kupelekwa masomoni nje, na kila asubuhi alikuwa akimtobolea kasoro mpya. Kwanza mgongo. Mume wangu akalala na wazo la wezi kwa muda, kisha akakubali. Nondo zikakatwa, mashine ikatokezwa nje, na fundi akaijengea kizimba cha chuma kikubwa kuliko banda langu la kuku. Lakini aliiinamisha kuelekea ndani, kwa hiyo maji yake yakawa yanateremka ukutani na kujaa kwenye ndoo niliyoitega. Hilo nalo likaleta wageni. Wakati wa mgao wa maji, maji yanayotoka kwenye ukuta si jambo la kupita kimya. Mama aliwagawia majirani wakamwagilie mchicha, akamwambia mwanawe, "Kumbe mvua yetu mmeifungia humu."

Mashine ikanyanyuliwa, maji yakaenda nje yanakostahili. Waya ukabadilishwa kwa sababu ulikuwa ukipata moto kama pasi. Bado hapakuwa na baridi ya maana. Ndipo yule mwenzake akaja mwenyewe kutazama, akacheka kwa adabu, akaonyesha kidole juu ya madirisha, kwenye matundu ya hewa ambayo kila mjengaji wetu huyaacha. Kisha akaonyesha mlango. "Unapoza Dodoma nzima, mheshimiwa," akasema.

Matundu yakazibwa kwa saruji. Mlango ukafungwa.

Sijui kama mimi niliyeolewa kutoka mbali ndimi niliyetakiwa kumweleza mtoto wa Bahi maana ya mlango uliofungwa mchana. Kwetu sote unajulikana: wenyewe hawapo, au wanagombana, au wanakula kitu wasichotaka kugawana. Nilimweleza. Akasema watu wabishe hodi, mlango una kitasa. Lakini hodi yetu hupigwa kwa mdomo, mtu akiwa ameshaona pazia na miguu ya watu chini yake. Na hata aliyethubutu kugonga, ngurumo ya ile mashine ilimmeza.

Kiyoyozi sasa kilifanya kazi kama kilivyokusudiwa. Mume wangu akirudi kazini alikuwa akisimama katikati ya sebule na mikono kiunoni, akisikiliza, na asisikie kasoro. Mama alikaa kwenye kochi amevaa sweta langu la Tukuyu, akiutazama mlango. Nilimhurumia, na nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa kwamba kila mtu ndani ya ile nyumba alikuwa na adabu kupita kiasi. Wiki mbili hazikupita, akasema anataka kwenda kuangalia majaruba.

"Mama, kuna joto?" mume wangu akamuuliza.

"Hapana, mwanangu. Hakuna joto."

"Mashine ina tatizo?"

"Haina. Umeitengeneza vizuri sana."

Usiku ule aliichunguza tena, mbele na nyuma, akitafuta kilichomkera mama yake. Kesho yake akampeleka Bahi kwa gari la kuazima, amembebea dawa zake za presha kwenye mfuko, na aliporudi hakula.

Jumamosi niliizima mashine nikafungua mlango, na hakunizuia. Hata chai haijachemka, jirani wa nyumba ya pili akapiga hodi, akaingia, akakaa, akauliza habari za mama huko Bahi.

"Tumempeleka juzi tu," nikamwambia.

"Juzi?" Akaniangalia, akamwangalia mume wangu. "Sisi tulijua aliondoka zamani, tangu siku ile mlango ulipofungwa."

Mume wangu akamuuliza kama waliwahi kupita kumsalimia.

"Tulipita sana, shemeji," akasema. "Mashine tuliisikia ikinguruma, lakini mtu atapigaje hodi kwenye nyumba isiyo na mtu?"