Ngitili ya Watu

Harufu ya majani mabichi yaliyokatwa ndiyo iliyonirudisha huko. Juzi jirani yangu hapa Somanda alikuwa anafyeka uwanja wake kwa mashine, nami nikaacha kuchambua choroko, machozi yakanitoka. Mjukuu wangu akadhani ni vumbi. Nikamwacha adhani.

Sasa sikilizeni. Mwaka ule wa ukame, kwetu Mwandoya, punda walikula maboksi. Baba alibakiwa na ng'ombe watano, nao kila asubuhi tuliwainua kwa kuwavuta mkia. Mdogo wake, aliyekuwa karani Mwanza, alikuwa na ngitili yake palepale kijijini, yaani eneo la nyasi zilizozungushiwa miiba, zinatunzwa kwa ajili ya kiangazi. Zilifika kiunoni. Na ngitili ya mtu huingii bila ruhusa, hata muwe tumbo moja.

Mama akasema, "Ingiza ng'ombe, baba Kulwa. Njaa haibishi hodi."

"Mimi nitabisha," baba akajibu. Akanichukua, tukaenda Mwanza kuomba.

Baba mdogo hakutaka tuonekane ofisini kwake. Alitupeleka kwenye bustani ya zamani katikati ya jiji, yenye miti iliyopandwa na wakoloni na jiwe la maandishi ambalo mpaka leo sijui linasema nini. Shule mimi niliiacha darasa la pili, nikachunge. "Nisubiri hapa, kaka," akasema, akaondoka.

Weee! Niliona majani mabichi, yamekatwa yananukia, yanamwagiliwa maji kwa mpira. Majani tu, siyo mahindi! Kwetu tulifukua mchanga wa mto tupate ndoo moja. Nikakimbia nikajilaze. Baba akanidaka mkono.

"Toka. Hii ni ngitili ya watu."

Tukakaa kwenye ukingo wa saruji, jua linatuchoma, watoto wa mjini wanabingirika kwenye ubichi. Muuza barafu akatuona.

"Mzee, shukeni kwenye majani! Hayang'ati hayo!"

"Mwenyewe hajaniruhusu."

Yule bwana alicheka mpaka akashika kiuno. Nami niliona aibu, jamani. Nilimwonea aibu baba yangu.

Jioni baba mdogo akaja, akikatiza majani kwa viatu vyake vyeusi. Akasimama humohumo. Baba akamweleza, kofia mkononi, kama vile yeye ndiye mdogo.

"Kaka, zile nyasi nawatunzia ng'ombe wangu."

"Ng'ombe gani?"

"Nitakaowanunua."

Baba akavaa kofia. "Haya. Wasalimie watoto."

Ng'ombe walikufa mmoja mmoja, vichwa vimeelekea ile miiba. Mvua iliponyesha, nyasi za baba mdogo zikaozea palepale. Hakununua hata mbuzi.

Miaka mingi nilimwona baba mjinga. Kupita miiba angeweza, usiku mmoja tu, na nani angemshtaki? Nimezeeka ndipo nikaelewa: hakwenda Mwanza kwa ajili ya nyasi peke yake. Alikwenda kuona kama bado ana ndugu.

Siku tulipomzika baba mdogo kijijini, waombolezaji wote walikatiza ngitili ile ili wawahi kaburini. Baba alizunguka. Nilizunguka naye, nikilia kwa sauti, na watu wakadhani namlilia marehemu.