Jani la Isale Mdomoni mwa Kibogoyo

Nilipofunua turubai, kuku watatu walitoka chini ya gari wakinigombeza, na harufu ikanipiga usoni: oili ya zamani, vumbi, na kahawa iliyoingia kwenye viti enzi zile baba akibebea magunia. Nikakaa chini palepale. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, fundi umeme wa magari ninayeheshimika pale Pasua, nimekaa kwenye mavi ya kuku nalia. Usinicheke, rafiki yangu. Hata wewe una kitu chako mahali, umekifunika.

Nilikuwa nimepanda Kirua Vunjo kwa mama siku tatu, nimebeba roli za waya mpya za kila rangi, nimeapa kwamba safari hii Kibogoyo lazima kiwake.

Ni kigari kidogo, cha milango mitatu ukihesabu ule wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Kilipofika kwetu hakikuwa na grili, mbele ni tundu tupu, ndiyo maana tukakiita Kibogoyo. Kabla yetu kilikuwa cha kijana mmoja wa Moshi mjini, na yule kijana alikifanyia visa kweli kweli. Alikishusha springi mpaka kikawa kinatambaa. Akakifunga bomba la kunguruma, spika kubwa kuliko viti, taa za rangi chini ya milango na taa mbili za ukungu mbele. Nyaya zote alizifunga mwenyewe, akisaidiwa na ujasiri. Siku moja zikafuka moshi katikati ya mji, kijana akaruka nje akakimbia, hakutaka tena kukiona. Baba alikuwa fundi umeme kwenye gereji moja ya Pasua. Akakichukua, akakivuta kwa kamba nyuma ya pikapu mpaka nyumbani, tumbo la gari likikwangua mawe njia nzima. Bibi, mama yake baba, akatoka jikoni kwake, akakizunguka polepole na mkongojo wake.

"Mmeniletea mgonjwa," akasema.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi. Jumamosi za nyumbani kwetu zilikuwa na mpango wake: alfajiri kukata majani ya ng'ombe, kisha kuchuma kahawa, kisha kumenya ndizi za mtori, supu yetu ya ndizi, mpaka vidole viwe vyeusi kwa utomvu. Baada ya hapo ndipo mimi na baba tulikiingia Kibogoyo. Alikirudisha springi juu, akang'oa zile spika, akampa mama moja akaifanya sanduku la kulalia kuku. Halafu akang'oa nyaya zote za yule kijana. Zilijaa ungo mzima, kama utumbo wa mbuzi wa Krismasi. Kazi ya kuingia chini ya dashibodi ilikuwa yangu kwa sababu baba alikuwa na mabega mapana. Nililala chali na tochi mdomoni, yeye akiniambia vuta huu, acha ule, sikia kwanza, usivute kama unavuta mkia wa ndama!

Kitu kimoja alikichukia kuliko vyote: waya uliofungwa upande mmoja na upande wa pili hauendi popote. Aliuita yatima. "Waya usio na kazi ni moto unaosubiri," alikuwa anasema, na kila alipoukuta aliukata, akaurusha nje ya mlango kwa hasira kabisa.

Sababu ya haraka yote ile ilikuwa miguu ya bibi. Magoti yalimvimba, na kanisa lipo juu mlimani. Baba alitaka Krismasi ile bibi aende ibadani amekaa, kama mke wa mchungaji. Akamwambia. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho huku akichagua maharage ya kupikia na ndizi za kiburu, halafu akamjibu bila kuinua macho.

"Nilizaa wawili. Gari la mwana mmoja sipandi."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Wa pili alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, na alikaa hatua ishirini tu kutoka mlangoni kwetu, upande wa pili wa masale. Masale, likiwa moja huitwa isale, ni ile mimea ya majani marefu inayoonyesha mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Babu alipofariki, mvua za masika zikaivuruga mimea ile, ikapandwa upya, na kila ndugu akasema mwenzake ameisogeza hatua moja. Hatua moja, jamani! Miaka mitatu hawakusalimiana. Kila Krismasi bibi alikula mtori kwetu, akapenya kwenye masale, akala tena upande wa pili, akarudi analalamika tumbo. "Hili ni tumbo la ujinga wenu," alituambia, na sisi watoto hatukujua tucheke au tunyamaze.

Na dawa ilikuwepo, tena imeota palepale. Kwetu, aliyekosa akichuma jani la isale, akalipiga fundo, akampelekea aliyemkosea, huyo hawezi kulikataa, hata kama kuna damu imemwagika. Ndugu wale wawili walikuwa na majani mamia ya kufika kwa mkono, na kila mmoja akasubiri mwenzake aanze. Baba hasa, wee acha tu! Ulimi wake haukujua neno samahani. Siku aliyonichapa kwa kosa la mwenzangu, aliniletea maandazi mawili kwenye gazeti, akayaweka mezani, akaenda kulala. Ukitaka ujue amejuta, ilibidi uhesabu maandazi.

Basi, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi. Baba alikuwa na roli moja tu ya waya, mweusi wote, kwa hiyo kila mmoja tuliufungia kitambaa tusije tukachanganya. Kanga nyekundu iliyochakaa, taa kubwa. Pazia la njano, honi. Sweta langu la shule, la bluu, waipa. Tulipofika kwenye taa za ukungu vitambaa vikaisha. Waya wenyewe niliumenya kwa meno, maana koleo alikuwa nalo yeye chini ya gari.

"Tafuta chochote cha kijani," akaniambia kutoka huko chini.

Nikakimbia mpakani, nikachuma jani la isale. Nikalizungusha kwenye waya pale ndani, karibu na betri, na kwa kuwa jani ni refu, nikalipiga fundo lisianguke. Nilijua maana yake? Nilijua kama mtoto anavyojua mambo ya wakubwa, nusunusu. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye taa. Jioni baba akaja kukagua na tochi. Aliinamia injini muda mrefu, mpaka nikadhani nimekosea. Halafu akaniambia nikanawe, nikalale.

Asubuhi yake ilikuwa Jumapili, na baba hakwenda kanisani. Alisema mgongo. Mimi nikabaki naye, na nilishangaa kuona boneti imefunguliwa siku ya Bwana, kwa mtu ambaye Jumapili hakugusa hata bisibisi. Niliona pia kwamba lile jani sasa lilikuwa linaning'inia nje, kwenye lile tundu la mbele, linatazama njia. Nikafikiri labda limeteleza usiku.

Baba mkubwa akapita kutoka ibadani, ndani ya koti lake la kijivu, na Biblia kwapani. Njia yake ilipita kando ya masale. Akapita, akasimama, akarudi hatua mbili. Alilitazama lile jani kwa muda ambao mimi ningeweza kumenya mkungu mzima. Hapo ndipo ile nusu ya pili ya maana ilinijia kichwani. Ee Bwana, nimefanya nini?

Akapenya kwenye masale. Kwa miaka mitatu sikuwa nimemwona upande wetu.

"Nimeliona," akasema.

Baba akanyoosha mgongo taratibu, mikono imejaa grisi. Akalitazama jani. Halafu akanitazama mimi, jicho kali, refu, na nikajua nikifungua mdomo niseme ile ni alama ya taa tu, nimekwisha. Nikafunga mdomo.

"Karibu, kaka," baba akasema.

Baba mkubwa akaligusa lile fundo kwa kidole kimoja. "Mdogo wangu, hata mimi nilikuwa nalichuma kila siku moyoni. Mkono ulikuwa unakataa." Wakakumbatiana hivyohivyo, na lile koti la kijivu likapata alama mbili nyeusi mgongoni ambazo hazikutoka kamwe, na wala hakutaka zitoke. Bibi alipotoka jikoni kwake akawakuta wanakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kata moja. Alikaa kwenye kigoda akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanacheza.

Krismasi akapanda. Kibogoyo hakikuwaka kwa ufunguo, kiliwaka kwa kuserereka, kwa hiyo ilibidi kwanza kiteremshwe. "Kanisa lipo juu, mbona mnanipeleka chini?" bibi alipiga kelele kiti cha mbele, huku baba mkubwa yuko nyuma, magoti yamefika masikioni, ananicheka mimi niliyebanwa kati yake na paja la mbuzi. Kwenye kona ya kanisa baba akapiga honi mara tatu. Miaka mingi baada ya hapo, honi tatu kwenye kona ile ndiyo ilikuwa saa ya kubandika chungu jikoni. Naitamani honi ile kuliko wimbo wowote.

Lakini nikwambie kilichonitafuna. Kila mtu wa kijiji alisimulia jinsi baba alivyojishusha, na mimi peke yangu nilijua kwamba hakujishusha. Amani yote ile, vikao vya ukoo, harusi tulizocheza pamoja, ilikuwa imesimama juu ya kosa la mtoto aliyeishiwa vitambaa. Tulipomzika baba, baba mkubwa alisimama na fimbo yake akawaambia watu, "Mimi ni mkubwa kwa kuzaliwa, lakini yeye ndiye aliyetangulia na jani." Watu wakaitikia amina. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilimwonea baba aibu, Mungu anisamehe, siku ya kumzika. Nikajiambia nitamweleza baba mkubwa ukweli, Krismasi hii, basi ijayo. Mwaka juzi naye akaondoka.

Sasa turudi kwenye kuku na turubai. Mama alikuja akakaa kwenye kigoda karibu yangu, akimenya ndizi, na kila nilipovuta waya wa zamani alitambua kitambaa. "Hiyo ni kanga niliyopewa ulipozaliwa." "Hilo pazia, si la chumba cha wageni?" Nikafika kwenye taa za ukungu. Waya niliutambua mara moja, alama za meno yangu bado zipo kwenye mpira. Ila umefungiwa kitambaa, cha kijani, chenye ushonaji wa dhahabu.

"Skafu yangu ya kwaya!" mama akapiga yowe. "Niliitafuta Krismasi ile nzima! Kumbe mwizi nimelala naye!"

Basi lile jani lipo wapi? Nikaingiza mkono. Lilikuwepo, kavu, la kahawia, fundo limezungushiwa tepu nyeusi kwa uangalifu, kwenye waya mwingine kabisa. Nikaufuata ule waya nijue unawasha nini. Urefu wake ni kama mkono wangu. Umebanwa vizuri kwa vibanio, na ncha zake zote mbili ni nzima. Haujawahi kumenywa, wala hauendi popote.

Ni yatima. Baba yangu, aliyetukana kila waya yatima duniani, aliukata mmoja kwa mkono wake, akaufunga jani langu, akautoa nje ya mdomo wa Kibogoyo ili kaka yake akipita auone. Kisha akaacha ibada, akasimama pale kumsubiri.

"Mama," nikasema, "baba aliwahi kuumwa mgongo?"

"Mgongo?" Mama akacheka. "Baba yako amezikwa na mgongo mpya kabisa."

Kwa hiyo lile jicho halikuwa la hasira. Alikuwa ananiomba ninyamaze. Na mimi nikanyamaza, lakini ndani ya moyo nikamhukumu miaka yote hiyo, mpaka yeye yuko kaburini. Nikakumbuka pia kitu nilichokuwa nimekitupa: Jumatatu ile, mezani, kulikuwa na gazeti lenye maandazi manne. Manne, mwenzangu. Hajawahi kuniletea manne.

Nyaya zote nimebadilisha, rangi kwa rangi, kama kitabu kinavyotaka. Ule mmoja nimeuacha. Kibogoyo kinawaka kwa ufunguo sasa, na honi inalia, ingawa kwenye kona hakuna anayebandika chungu. Mibuni imekatwa. Bibi hayupo, na mbege siku hizi inakuja kwenye madumu. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, hatujagombana, tunatumiana salamu za sikukuu kwa simu. Alijenga tu. Pale yalipokuwa masale kuna ukuta wa tofali, na baba zetu wamelala mmoja huku, mmoja kule.

Jioni nikaenda kaburini kwa baba, nikagundua nimekwenda mikono mitupu. Kuna deni moja tu kwetu linalolipwa kwa jani. Nikatafuta kihamba kizima mpaka mama akaniuliza nimepoteza nini. Hakuna hata isale moja. Nikakumbuka kwamba kupitia nafasi ya geti la kaka niliwahi kuliona moja, amelipanda kwenye ndoo ya rangi, kama ua.

Nikazunguka mpaka barabarani, nikafika getini kwake, nikagonga chuma. Mbwa akabweka. "Nani?" kaka akauliza kwa ndani, na nikasikia komeo la kwanza likifunguka, halafu la pili.

Zamani ningenyoosha mkono tu mpakani.