Kila Saa Nane

Mshahara aliotajiwa ulikuwa mdogo mpaka akadhani hakusikia vizuri. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta ya duka la dawa, vyeti vyake mapajani. Mwenye duka, mzee mrefu aliyevaa koti jeupe lililofuliwa mpaka likalainika, aliutaja kwa sauti ileile aliyotumia kuwatajia watu bei ya vidonge vya kichwa. Hakukohoa wala hakujikuna. Alitaja, akamtazama usoni.

"Kwa mwezi?" binti akauliza.

"Kwa mwezi. Najua ni kidogo. Njoo Jumamosi ushinde na mimi hapa, halafu Jumatatu unipe jibu lako."

Haya, niambie. Mtu amekesha na vitabu miaka na miaka, amefanya mazoezi hospitali kubwa, amekula kiapo cha ufamasia mbele ya watu waliovaa majoho, halafu anatajiwa pesa ambayo jirani yao anayeuza simu angeikataa huku anacheka. Binti aliaga kwa adabu, akatoka, na njia nzima alikuwa akijisemea peke yake kama mtu aliyepigwa jua.

Nyumbani alikuwepo shangazi yake. Huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na ndiye aliyemsomesha kwa cherehani moja ya miguu, kwa kushonea watoto wa watu sare za shule. Na ndiye aliyempa jina la Dokta. Binti alishachoka kumwambia kwamba yeye si daktari, ni mfamasia. Shangazi alikuwa akimjibu, "Anayeshika dawa ni dokta. Hayo mengine ni ya huko shuleni kwenu."

Aliposikia mshahara, shangazi alisimamisha cherehani.

"Huo si mshahara, hiyo ni nauli," akasema. "Tena nauli ya kwenda tu. Kurudi utembee."

Na kama ingekuwa mzaha tupu, wangecheka yakaisha. Lakini macho ya shangazi yalikuwa yanakwenda. Daktari alisema ni presha ya macho, akamwandikia dawa ya matone. Mbele aliona, pembeni haoni. Alikuwa akigonga bega kwenye mlango ulio wazi, na ukimjia kwa ubavuni anashtuka kama umetoka ardhini. Mpango wao wa siku zote ulikuwa mmoja: Dokta akianza kulipwa, cherehani inafunikwa kitambaa na shangazi anapumzika kabla hajapofuka. Mshahara wa yule mzee haukutosha kufunika cherehani hata wiki.

Tena ilikuwepo kazi nyingine. Kampuni inayosambaza dawa ilikuwa imemwita, mshahara karibu mara mbili, na gari juu yake, mafuta wanaweka wao. Kazi yenyewe ni kuzunguka hospitalini na kuwashawishi madaktari waandike dawa za kampuni. Nao walitaka jibu Jumatatu. Hata wewe unayesoma hapa ungechukua gari, usijidanganye.

Basi Jumamosi alikwenda kwa mzee kwa ajili ya adabu tu.

Duka lilikuwa jembamba, rafu zimepanda mpaka darini. Lilinuka makaratasi mapya na dawa ya kikohozi, na friji ya insulini ilikuwa ikinguruma pembeni. Binti alipewa koti, akasimama. Mteja wa kwanza akalipa, akanyoosha mkono achukue pakiti yake. Pakiti haikutoka. Mzee alikuwa ameiwekea kiganja juu ya kaunta.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Nilivyokwambia. Utaitumiaje?"

Hapo ndipo binti alipojua kwa nini mtaa mzima ulimwita Mzee Rudia. Hakuna dawa iliyovuka ile kaunta kabla mwenyewe hajasema kwa kinywa chake atakavyoitumia. Wengine walikasirika. "Mzee, nina haraka, hapa siyo darasani." Mzee anatikisa kichwa kwa upole, kiganja palepale. "Ndiyo, una haraka. Rudia."

Na mambo waliyoyarudia watu siku hiyo, jamani, yalimwacha binti mdomo wazi. Mama mmoja alisema vidonge vyake atagawana na mumewe nusu kwa nusu, ili wapone pamoja. Dereva wa lori, mtu wa miraba minne, alisema dawa yake ataimeza na maji mengi kwa sababu kidonge chenyewe kinene. Haikuwa ya kumeza. Mzee aliinama akamnong'oneza sikioni pa kuiweka. Dereva akatazama dari kwa muda mrefu, kisha akauliza kama hakuna sindano.

Binti alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Kule hospitalini alikuwa akitoa dawa kupitia kidirisha, foleni imefika mpaka nje, na kila aliyemweleza alimjibu neno moja: sawa. Watu wote wale, sawa, sawa, sawa. Naye aliiamini ile sawa. Sasa alisimama akiwatazama watu wanaotoka na mifuko yao midogo, na akaingiwa na kitu ambacho hakuwahi kukisikia darasani: aliogopa, na wakati huohuo alistaajabu, kwamba mtu anaweza kumkabidhi mgeni mwili wake namna ile, kwa maneno mawili matatu tu, aondoke nayo aende akayatii.

Mchana mzee alikwenda chumba cha nyuma kula, akamwachia kaunta. Akaingia mama kijana, mtoto begani, shavu la mtoto linawaka kwa homa. Akaweka chupa ya dawa ya maji juu ya kaunta. Haikutoka duka lile.

"Dada, naomba yenye nguvu kuliko hii. Sikio la mtoto haliponi."

Binti aliinua chupa. Kwa tarehe iliyoandikwa ilipaswa iwe inakaribia kwisha, lakini ilikuwa nzito mkononi. Akasoma karatasi iliyobandikwa: kijiko kimoja, kila saa nane. Hakuna kosa. Yeye mwenyewe angeandika hivyohivyo.

"Unampaje?" akauliza.

"Kama ilivyoandikwa. Kila saa nane. Ikifika saa nane mchana nampa, ikifika saa nane usiku nampa. Usiku naweka kengele ya simu." Mama akainua kidevu. "Sijaruka hata siku moja."

Binti akaisoma ile karatasi tena. Aliyeiandika alimaanisha kila zikipita saa nane, yaani mara tatu kwa siku, usiku na mchana. Mama alisoma saa nane ya ukutani. Na kwa Kiswahili chetu hiki nani atamlaumu? Saa nane ni saa nane. Mtoto alikuwa akikosa kijiko kimoja kila siku, wadudu wanapata nafasi ya kujipanga upya, na mama anaamka gizani peke yake, anawasha taa, anapima kijiko kwa mikono yenye usingizi, kwa sababu ya maneno ya mtu asiyemjua. Binti alitaka kupiga magoti mbele ya mama yule. Hakuwahi kuona utii mkubwa kama ule.

Akamweleza polepole: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Asimwongezee kijiko kufidia vilivyopita. Na kwa homa ile, leo hii ampitishe kwa daktari amtazame sikio kabla hajarudi nyumbani. Kisha, bila kujua, kiganja chake kikawa juu ya chupa.

"Nirudishie nilivyosema."

Mama akarudia, bila kukosea. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nilikuwa naamka bure?"

"Hukuamka bure. Ulimwamini aliyeandika. Aliyeandika ndiye hakukuuliza."

Mama alipotoka, mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, bakuli mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Kwa hilo hujauza kitu," akasema. "Mtu hulipia chupa, kuuliza halipii. Ndiyo maana mshahara wangu uko pale ulipo. Sikuutaja kwa kukudharau."

Jioni binti alimsimulia shangazi. Alisimulia vizuri, akamwigiza hata dereva wa lori, shangazi akacheka mpaka akajipangusa machozi kwa pindo la sare aliyokuwa akishona. Alipofika kwa mama wa mtoto, shangazi akatikisa kichwa.

"Maskini, yeye anaweza. Yangu ya macho imeandikwa hivyohivyo, lakini mimi ya mchana inanitosha. Saa nane usiku nimelala, nani aamke?"

Binti akasogea karibu na cherehani.

"Shangazi, unatia tone mara ngapi kwa siku?"

"Si nimekwambia, saa nane mchana. Kila saa nane. Sijawahi kusahau."

Ile dawa aliichukua hospitalini yeye mwenyewe, Dokta wa nyumba, akaileta na kusema, "Shangazi, fuata maandishi." Shangazi akasema sawa. Walikuwa wakilala chumba kimoja, wakila meza moja, na hakuwahi kumuuliza. Sasa alimuuliza, akamweleza zile nyakati tatu.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. "Na macho yaliyokwisha kupotea," akasema, "nikitia vizuri yatarudi?"

Angeweza kudanganya. Ulimi ulikuwa tayari.

"Hayarudi, shangazi. Yaliyobaki ndiyo tutayalinda. Nisamehe."

Shangazi aliigeuza ile sare, akaishona mshono mmoja, akakata uzi kwa meno.

"Huko kwenye gari," hatimaye akasema, "utakuwa unamuuliza nani?"

"Madaktari. Nitawauliza wataandika dawa zetu ngapi."

"Basi Jumatatu nenda kwa mzee wako. Lakini usiende kama mtu anayeomba. Kazi iliyonifikia mpaka kwenye jicho hailipwi nauli."

Jumatatu alimkuta mzee akifungua makufuli ya duka. Hakusubiri hata waingie.

"Shikamoo, mzee. Ofa yako nimeikataa. Kazi naitaka."

Mzee alisimama na kufuli mkononi, kisha akacheka kicheko cha taratibu, cha mtu asiyecheka mara nyingi. "Marahaba. Endelea."

Akaendelea. Alisema kazi hii ameiona, na amekesha siku mbili akiifikiria, na kwa jinsi ilivyo kubwa haoni haya kuitajia bei. Akaitaja. Mzee alifikiri, akasema hawezi. Akataja yake nyingine, iliyopanda hadi kati ya ile ya kwanza na hii ya binti, na kwamba mwaka ukiisha watakaa tena. Chini ya pale duka lingefungwa, hakumficha. Binti aliipima kichwani. Ilikuwa bado mbali sana na ya kampuni. Ingelipa kodi ya nyumba na dawa ya macho. Cherehani isingeifunika.

Akakubali. Kisha akaenda pembeni, akampigia shangazi, akamtajia.

Upande wa pili cherehani ikasimama.

"Ni ndogo," shangazi akasema.

"Ni ndogo, shangazi. Na kwa cherehani bado utashona mwaka huu."

"Nitashona." Akavuta pumzi. "Ila kuanzia leo uzi wa sindano utanitungia wewe. Tangu mwaka jana nautunga kwa kupapasa, sikutaka ujue."