Nilivyoyasugua Mawe ya Sista

Kule kwetu Nyakisasa, mpakani mwa migomba ya mama, kuna bustani isiyo na ua hata moja. Ina mawe matano, mchanga uliochorwa mistari kwa reki, mti wa paini uliokatwa-katwa usirefuke, na jiwe lililochongwa shimo la kuwekea maji. Aliitengeneza sista mmoja Mjapani, muuguzi wa zahanati, ambaye mama alikuwa akimpikia na kumfulia. Kwetu mtu akikuta mawe shambani huyatoa ili apande maharage. Yeye aliyatafuta, akayaleta kwa toroli. Majirani walimtania sana, wakimuuliza atavuna lini.

Juu ya mawe yale kulikuwa na majani ya kijani, yale mafupi yanayoota penye unyevu, laini kama manyoya ya kifaranga. Sista aliyabandua kule kijitoni akayapandikiza, na yalichukua miaka kushika. Alipozeeka akarudi kwao, akamwachia mama bustani: ayamwagilie mawe, ila asiyaguse. Basi kiangazi chote mama alipanda kilima na ndoo kichwani kwa ajili ya mawe. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Biharamulo, na ni mtu wa haraka; kazi ya namna ile ilikuwa inanikera. Nilimwambia mara ngapi sijui kwamba magoti yake hayamruhusu. Alikuwa ananiitikia, kesho yake anapanda tena.

Mwaka jana zikaja habari kwamba sista amefariki, na kwamba mdogo wake wa kiume, naye mzee, anakuja kuiona bustani. Mama alikosa raha wiki nzima. Alitaka kitu kimoja tu: yule mzee aikute kama dada yake alivyoiacha.

Nilifika siku moja kabla ili nimsaidie. Mama alikuwa amekwenda gulioni kutafuta kuku. Nikafagia uwanja, nikaosha vyombo, halafu nikayaona mawe. Nikasema, jamani, mgeni atoke mbali hivyo aje akute mawe yameota uchafu? Labda mama alishaniambia habari ya majani yale, mimi ndiye sikusikiliza. Nikachukua brashi ya waya na sabuni ya unga, nikasugua hadi mgongo ukaniuma. Yakatakata, nami nikajisifu moyoni.

Mama aliporudi alimweka kuku chini. Akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya jiwe moja, kisha jingine, hadi yote matano. Hakunigombeza. Afadhali angenitukana. Aliniambia tu nikamwage mbali yale maji ya sabuni.

Kesho yake mzee alikuja na binti wa kwao anayejua Kiswahili. Binti alimwamkia mama shikamoo vizuri kabisa. Lakini Kiswahili kinampa mama shida, hivyo yeye alisema kwa Kihangaza, mimi nikageuza kwa Kiswahili, na binti akageuza kwa Kijapani. Tulipofika bustanini mzee alitoa picha mkobani, mawe yale yale, ya kijani tupu. Akaitazama, akatazama mawe. Akauliza kwa upole imekuwaje.

Nilifungua mdomo nijibu. Mama akaniwahi.

"Mwambie ni mimi niliyeyasugua," alisema. "Mwambie nilidhani ni uchafu."

Nikamnong'oneza kwamba hapana, siwezi. Akarudia maneno yale yale, kwa sauti aliyokuwa akinituma nayo maji nilipokuwa mdogo. Ningeweza kusema ukweli. Hakuna ambaye angenizuia, maana bila mimi hakuna neno lililopita pale. Lakini niliona aibu, aibu ya mtu mzima mwenye duka lake, na nikaiacha initawale.

"Anasema ni yeye aliyeyasugua," nikamwambia binti. "Alidhani ni uchafu."

Binti akageuza. Mzee akamtazama mama kwa huruma, akamwinamia, akasema si neno, asingeweza kujua. Hayo nayo ilibidi nimgeuzie mama. Mama, aliyeyanywesha mawe yale miaka yote hiyo, akaitikia kwa kichwa kama mtu asiyejua kitu, na mdomo uliomfanya hivyo ni wangu.