Mfungua Chaza wa Bluff na Ndege Aliyeletwa Kwenye Ndoo

KOP. Kimya. Kop, kop.

Saa kumi na moja alfajiri, nyumba ya Kararaina Waitai bado imo gizani. Birika halijabandikwa. Mwenyewe ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi, anasikiliza. Sauti inatoka baraza ya nyuma, penye mashine ya kufulia. Kitu kigumu kinagonga plastiki, kinapumzika, kinagonga tena.

Anadhani ni panya. Anachukua fagio.

Barazani hakuna panya. Ipo ndoo nyeupe yenye mfuniko, ile aliyoikuta mlangoni jana jioni alipotoka kazini. Mpini wake umefungwa kamba ya buluu, na hapa Bluff, kwenye ncha ya kusini kabisa ya New Zealand, kila mtu anajua kuwa ndoo za kamba ya buluu ni za nyumbani kwa Teone, binamu yake. Ndoo ya namna hiyo ikiachwa mlangoni bila neno, basi ni makinda ya chumvi: ndege wanono wa baharini ambao ndugu huwavuna visiwani mwezi wa nne, huwatia chumvi, kisha hugawiana majira yote ya baridi.

"Nilipoinyanyua nikaona nyepesi," anasimulia. "Nikasema moyoni, Teone mwaka huu kabana kweli. Nikaisukuma ukutani, nikaenda kupika."

Sasa anainua mfuniko. Ndani, juu ya sweta kuukuu, amekaa ndege mmoja mweupe pepe kuanzia utosini hadi mkiani, mdomo mweusi, macho meusi kama vifungo vya koti. Wanatazamana. Kisha ndege anaachama na kumtemea mafuta ya rangi ya machungwa, sare ya kazi yote ikaloa.

"Hapo nikajua huyu hajatiwa chumvi."

Kararaina ana miaka 57. Kuanzia Machi hadi Agosti anafungua chaza kwenye banda la bandarini, kisu kifupi mkono wa kulia, glovu nene mkono wa kushoto, amesimama kutwa. Malipo ni kwa dazeni. Siku ambayo vidole havijafa ganzi anafikisha dazeni mia na themanini. Msimu ukiisha, anasafisha vyumba kwenye nyumba ya wageni. Anaishi na binti yake, ambaye hufanya zamu za usiku hospitalini Invercargill, na mjukuu wake wa miaka sita, Maioha, anayemwita Taua, yaani bibi.

Kazi ya ndege haina malipo, wala hakuiomba. Miaka minane iliyopita, asubuhi moja baada ya dhoruba ya kusini, baharia aliingia bandani na ndege wa bahari kuu aliyeloa chepechepe. Msimamizi akasema atupwe nje. Kararaina akamfunga kwenye aproni yake. Tangu siku hiyo, kila ndege anayepigwa na upepo kati ya Riverton na Fortrose, akaanguka barabarani au kwenye zizi la ng'ombe, huishia mlangoni kwake.

Tatizo ni kwamba wengi walikufa. Baridi ya mwaka jana alipokea kumi na mmoja, wakaondoka watatu. Bandani wenzake wakaipa nyumba yake jina: mochwari.

"Walikuwa wanatania," anasema. "Lakini mimi ndiye niliyekuwa nazika. Bustani yangu ya viazi unaiona ile? Nusu ni makaburi."

Ndipo mwezi wa tano, kwenye karamu ya kuzaliwa ya mama yake Teone, akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba hapokei tena. Asiletewe hata shomoro.

Asubuhi hiyo, sare ikimnuka mafuta, alimpigia simu binamu yake.

"Teone, umeniletea nini?"

"Umeshafungua?"

"Nimetemewa."

"Basi mzima huyo. Aliangukia kwenye sitaha ya mashua yetu usiku wa juzi, upepo ukitaka kutung'oa."

"Nilisema sipokei. Nilisema mbele ya mama yako."

"Ndiyo maana sikubisha hodi, dada. Ningebisha ungekataa."

"Na kama ningemtia kwenye friza?"

"Nilitoboa mfuniko."

"Gizani nani anaona matundu, Teone?"

"Hilo sikulifikiria," akasema.

Kararaina akafanya alivyozoea. Kila nyumba ya hapa ina kabati lenye tangi la maji moto. Humo mikate huumuliwa, soksi hukaushwa, na vifaranga wa kuku hupashwa joto. Akatandika taulo chini ya tangi, akamlaza mgeni wake, akafunga mlango wa kabati. Halafu akamtumia picha Isla Drummond.

Isla, mwenye miaka 29, ni afisa wa wanyamapori anayefuatilia ndege wa mkoa mzima wa Southland. Jumapili jioni husoma redioni ndege adimu walioonekana wiki hiyo, na kipindi chake kina wasikilizaji wengi kuliko mahubiri. Baridi hii watu wameripoti korongo mweupe kwenye mlango wa mto Riverton, yangeyange tisa waliovuka bahari kutoka Australia na sasa wanafuata ng'ombe karibu na Wallacetown, na ngwini mwenye kishungi aliyekutwa amelala chini ya trela ya mashua.

Alipopiga simu, sauti ilikuwa chini.

"Shangazi Kara, umekaa?"

"Nimesimama. Nachelewa kazini."

"Huyo ni ndege wa theluji. Kwao ni kwenye barafu, chini kabisa ya dunia. Mimi sijawahi kumwona ila vitabuni. Umemweka wapi?"

"Kwenye kabati la maji moto. Nimemtandikia taulo safi."

"Mtoe."

"Isla, nje kuna baridi ya kukata masikio."

"Shangazi, huyo analala juu ya barafu. Amevaa makoti yote aliyonayo na hana namna ya kuvua hata moja. Akipata joto hilo siku mbili, basi. Hata wale wa mwaka jana..."

Kararaina anasema aliweka simu mezani bila kuikata. Akafungua kabati. Ndege alikuwa ameachama, anatweta, mabawa ameyaachia. Akambeba na taulo lake hadi kwenye baraza ya nyuma, akafungua dirisha, akaketi naye sakafuni mpaka kutweta kukapungua.

"Kumbe nilikuwa nawapika," anasema. Anaitazama mikono yake, iliyojaa makovu madogo ya maganda ya chaza. "Isla aliniambia si wote, wengi walifika wakiwa wameshaisha. Ni msichana mwema. Lakini kabati ni langu, na taulo nilitandika mimi."

Asubuhi ile akajiwekea sharti. Huyu akienda, atajifunza upya. Huyu akifa, mlango umefungwa na harudi nyuma.

Bandani hakutaka kusema kitu, ila mafuta yale hayafichiki. Noeline, jirani yake wa meza kwa miaka ishirini, alinusa mara moja tu.

"Leo unawashinda hata chaza. Mochwari imefunguliwa?"

"Fanya kazi yako, Noeline."

"Mimi nauliza tu nilete maua au nisilete."

Meza nzima ikacheka. Kararaina akafungua chaza, akafungua mwingine. Kisha akasema, bila kuinua uso, kwamba ni ndege mweupe wote, hana hata doa, na amekaa barazani kama mtu anayesubiri basi. Kicheko kikaisha. Noeline akauliza kama anaweza kupita jioni amwone. Akapita, na kijaluba cha samaki waliosagwa mkononi.

Isla alifika siku hiyo hiyo na bomba la kulishia. Akamwonyesha Kararaina jinsi ya kulipitisha kooni bila kumpalia ndege, na jinsi ya kupapasa mfupa wa kifua kujua kama ameanza kunenepa. Jumamosi wakamtia kwenye beseni la maji baridi. Maji yakateleza juu ya manyoya na kuanguka kama shanga. Hayakupenya.

"Yuko tayari," Isla akasema. "Kesho alasiri, upepo bado upo. Jumatatu utatulia, na hawa bila upepo hawanyanyuki."

Walikubaliana habari isitoke redioni mpaka ndege aondoke. Lakini Bluff si mahali pa kufichia kitu, na Noeline ana dada watano. Jumapili saa sita mchana magari yalikuwa yamepangwa hadi kwa jirani wa tatu. Watu walisimama uani na kamera zao ndefu, wakinong'ona kama walioingia kanisani wamechelewa. Kararaina aliwapitisha wawili wawili mbele ya dirisha la baraza, akawapa chai.

Mzee mmoja, Alasdair Gillespie, alirudi dirishani mara tatu. Mara ya tatu alivua kofia.

"Mama, naomba umweke hadi kesho asubuhi. Mke wangu yuko Dunedin, hawezi kuondoka kabla ya jioni. Tumemtafuta ndege huyu maisha yetu yote, na leo ndiyo siku aliyokwenda kwa dada yake."

"Atafika saa ngapi?"

"Saa mbili usiku, barabara ikiwa nzuri. Akikosa, ataniacha. Nami sitamlaumu."

Kararaina anakiri alisita. Alipenda kumwacha alale pale usiku mmoja zaidi, na sababu haikuwa mke wa mzee. Alikuwa ameshazoea ile kop, kop. Alimtazama Isla, na Isla akawa anatazama miti, matawi yake yakiwa bado yanainama kwa upepo.

"Pole sana, baba," akamwambia mzee. "Piga picha nyingi. Mkeo akikasirika mlete kwangu, nitampikia."

Saa kumi kasoro alasiri walisimama kwenye mawe ya Stirling Point, upepo wa kusini-magharibi ukiwapiga usoni. Nyuma yao walikuwepo watu wapatao arobaini, wakiwamo wenzake wote wa meza. Kararaina aliweka ndoo ya kamba ya buluu chini, akamtoa ndege, akamweka juu ya jiwe.

Ndege akakaa.

Akageuza kichwa kuitazama bahari, akanya, akakaa tena. Dakika zikapita. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Maioha, aliyeshika sketi ya bibi yake, akaanza kulia kimya kimya. Kararaina anasema hapo alikuwa ameanza kuchagua mahali kwenye bustani ya viazi.

"Noeline akanisogelea. Nikajua sasa inakuja ile mochwari yake. Akanishika kiwiko tu."

Upepo ukaja kwa nguvu, kofia ya Mzee Gillespie ikaruka. Ndege akafungua mabawa, na jiwe likawa tupu. Alipita chini sana, karibu kuyagusa mawimbi, akainuka, akageuka kuelekea kusini. Alikuwa mweupe juu ya maji ya kijivu, akawa nukta, kisha wakabaki wanaonyeshana mahali ambapo kila mmoja alidhani bado anamwona.

Kofia ya mzee haikupatikana.

Wiki mbili baadaye, kabati la maji moto limerudishiwa soksi. Nyuma ya nyumba, Teone na kaka yake wameanza kutoa takataka kwenye banda la zamani la mashua. Kararaina anataka litazame kusini, liwe na sakafu ya wavu ili manyoya yasichafuke, na dirisha lisilofungwa. Mbao ameziomba bandarini. Isla atakuja kila Jumatano kumfundisha yeye na Noeline, ambaye sasa anajiita daktari.

"Sisemi hawatakufa," anasema Kararaina. "Watakufa wengine. Ila wasife kwa mkono wangu. Nataka baridi ijayo nusu yao waondoke. Nikifika nusu, nitalima viazi bustani nzima."

Tangazo lake la mwezi wa tano amelifuta kwa lingine: ndege waletwe, lakini aletaye abishe hodi na aseme kilichomo.

Jumapili hii jioni nyumba nzima iko jikoni, redio juu ya jokofu. Isla anasoma ndege wa wiki. Korongo mweupe bado yuko Riverton. Yangeyange wameongezeka wawili. Teone hayupo, ingawa ameahidi kuja kula.

Nje ya mlango wa nyuma kinasikika kishindo kidogo cha kitu kinachowekwa chini, kisha hatua zinazoondoka haraka. Kararaina anazima redio. Binti yake anafungua mlango. Barazani ipo ndoo nyeupe, mfuniko umebanwa, kamba ya buluu kwenye mpini. Hakuna anayeigusa. Wanatega sikio.

Maioha anapita katikati ya miguu yao, anapiga magoti, anainua mfuniko kwa mikono miwili na kuchungulia kwa muda mrefu.

"Hawa ni wa kula, Taua."