Bili ya Maji na Dobi wa Chumba cha Nyuma

Wapangaji walimwita Mizani, kwa utani mwanzoni, kisha likawa ndilo jina lake. Yeye ndiye aliyesimamia ile nyumba ya kupanga yenye mita moja ya maji, bomba moja uani na bili moja ya kugawana kwa idadi ya watu wa kila chumba. Hakupendelea mtu. Hata kichanga aliyezaliwa juzi alihesabiwa. "Kwani yeye haogi?" alimuuliza baba mtu, na ua mzima ukaangua kicheko.

Kazi hiyo alitafutiwa na dada yake mkubwa, dobi aliyepanga chumba cha nyuma. Ndiye aliyemwendea mwenye nyumba akamwombea. Kwa kuwa ufuaji unakula maji, dada alilipa mafungu mawili bila kunung'unika.

Halafu bili ikapanda ghafla. Mwezi uliofuata ikapanda tena. Macho yote yakageukia kamba ya nguo za dobi. Fundi cherehani wa chumba cha mbele hakumung'unya maneno: "Asingekuwa dada yako, ungeshamwambia zamani."

Neno hilo lilimchoma Mizani. Jioni ile, watu wakiwa wamejaa uani, alimkataza dada yake kufulia pale.

"Mwite fundi bomba kwanza, mdogo wangu," dada alisema. "Nguo ni zile zile, na mfuaji ni yule yule."

"Dada, usinitie aibu mbele za watu."

"Haya," alijibu, akakamua shati alilokuwa nalo mkononi.

Hakubishana tena. Alitafuta chumba mtaa wa mbali. Siku dada anahama, Mizani alipanda juu ya paa akawa anagongagonga bati ambalo halikuwa na shida yoyote, mpaka mkokoteni wenye mabeseni ulipopotea kwenye kona.

Bili iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko zote. Ndipo akamwita fundi bomba. Walipochimba kando ya ngazi, walikuta bomba limeoza, maji yanaishia ardhini.

Alimfuata dada yake. Wateja wake wengi walikuwa wamebaki mtaa wa zamani, na kamba yake ilikuwa na shuka mbili tu. Dada alimpa Mizani kiti, akammiminia chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Rudi, dada. Chumba bado kitupu."

"Kunikosea ulinikosea uani, watu wanatazama. Radhi unaniomba chumbani, tuko wawili." Akamsogezea kikombe. "Kunywa, itapoa."

Mizani alirudi amepiga moyo konde. Jumapili akaita kikao. Wapangaji wakatoka na viti vyao, wengine wamesimama milangoni. Akakohoa. Akakohoa tena.

"Kuna bili nyingine?" aliuliza fundi cherehani.

Mizani alitazama nyuso zile.

"Hapana," alisema. "Nilitaka tu kuwakumbusha, mkimaliza kuchota mfunge bomba vizuri."

Watu wakabeba viti vyao wakatawanyika.